Tathmini ya Darasa la Tungo Fupi za Mazingira, Mikindani

Darasa la tungo fupi za mazingira, za mishororo mitatu kwa mtindo wa haiku ya Kijapani, linaloendeshwa Mikindani, mkoani Mtwara, ni huduma ambayo ningemshauri mwalimu yeyote wa Kiswahili wa mikoa yetu ya kusini ailipie, na sababu yangu kubwa ni kwamba linamlazimisha mtunzi akiangalie kitu chenyewe kabla hajaruhusiwa kukisemea. Nasema hivyo nikiwa na malalamiko mazito kuhusu darasa hilo, ambayo nitayaeleza bila kuyapunguza, kwa kuwa nalipenda na ningetaka liwe bora kuliko lilivyo sasa.

Mpangilio wake ni rahisi. Darasa huchukua Jumamosi na Jumapili, katika ukumbi mdogo ulio karibu na ufuko, kwa ada ya shilingi 25,000, ambayo ndani yake mna daftari, kitini cha kurasa chache na chakula cha mchana cha siku zote mbili. Mikindani iko kilomita zipatazo 10 kutoka Mtwara mjini, na mabasi yanayotoka Lindi kwenda Mtwara hupita hapo hapo, kwa hiyo hata mkazi wa Lindi anaweza kufika bila taabu kubwa, ingawa atahitaji mahali pa kulala usiku wa Jumamosi. Ukumbi una joto mchana, na washiriki walikuwa wengi kuliko viti. Wali wa nazi na samaki ulikuwa mzuri siku zote mbili.

Asubuhi ya kwanza hakuna anayeandika. Washiriki hupelekwa kwenye mikoko ya ghuba wakati maji yamekupwa, na mwezeshaji, akisaidiwa na mama mmoja mkazi wa hapo ambaye kwa miaka mingi amekuwa akitafuta kaa na chaza topeni, huwaonyesha miti mmoja mmoja kwa jina lake. Mlilana husimama mbele kabisa, upande wa maji, na mbao zake ndizo mafundi wa mashua huzichongea mataruma, yaani mbavu za chombo. Mkoko ndio wenye mizizi inayoshuka kutoka shinani na kuusimamisha mti juu ya tope. Mkandaa ni mfupi zaidi, na magamba yake hutoa rangi nyekundu ambayo wavuvi wa zamani walitilia nyavu zao zisioze upesi. Mkomafi huzaa tunda kubwa la mviringo, zito, lenye mbegu zilizobanana ndani yake. Mchu huchomoza kutoka topeni vijizizi vyembamba vilivyosimama wima, ambavyo mti huvitumia kupata hewa, kwa kuwa tope lenyewe halina hewa ya kutosha. Mama huyo hakuwa mshairi na hakudai kuwa mshairi, lakini sentensi zake fupi kuhusu kaa gani hujificha chini ya mti gani zilikuwa somo bora la siku ile, na natumaini kwamba waandaaji wanamlipa sawasawa na wanavyomlipa mwezeshaji.

Nimesoma mashairi mengi ya wanafunzi kuhusu mikoko, na karibu yote huitaja kwa jumla, kana kwamba ni mti mmoja usio na sura. Baada ya asubuhi ile hakuna mshiriki aliyeandika hivyo. Tungo ya kwanza iliyosomwa ukumbini, ya msichana wa kidato cha tano, ilikuwa hii:

Bahari yapwa;
tope laota pembe
chini ya mchu.

Aliyewahi kuona vijizizi vya mchu vikijitokeza maji yanapoondoka atajua kwamba msichana huyo hakubuni chochote, bali ameona vizuri tu. Pembe hizo ndizo pumzi za mti, na mtu akizikanyaga au akizifukia kwa taka na mchanga, mti hukosa hewa. Tungo haisemi hayo. Humwacha msomaji ayafikie mwenyewe, na msomaji wa pwani atayafikia.

Baada ya chakula mwezeshaji aliandika ubaoni orodha ya maneno yaliyokatazwa kwa siku zote mbili: mazingira, tutunze, tuhifadhi, uharibifu, uzuri, kizazi kijacho. Kisha akaandika tungo aliyoitunga yeye mwenyewe ili kuonyesha alichokuwa akikikataza:

Tutunze pwani,
mazingira ni mali,
tusiharibu.

Mizani yake, yaani hesabu ya silabi za kila mshororo, ni sahihi, mitano, saba na mitano, na ujumbe wake haupingiki. Lakini ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga ufuko wowote, na ingeweza kubandikwa katika ofisi yoyote nchini bila kubadilishwa hata herufi. Huu ndio ugonjwa wa sehemu kubwa ya ushairi wetu wa mazingira, hasa ule unaotungwa kwa ajili ya sherehe za upandaji miti na mashindano ya shule: unaanza kuhimiza kabla haujaona. Watoto wetu hukua wakijua kwamba shairi la mazingira ni agizo lenye vina, na sidhani kama kuna agizo lililowahi kumfanya mtu aupende mti.

Kijana mmoja dereva wa bodaboda aliombwa aiandike upya tungo hiyo kutokana na alichokiona asubuhi. Alikaa nje muda mrefu, akarudi na hii:

Mkandaani
chupa yanasa kaa
mchana kutwa.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na imepungua sana machoni mwetu. Chupa zimebaki, na kila bamvua, yaani maji makuu ya bahari, huzileta ghubani na kuziacha kwenye mizizi. Kaa mdogo huingia kwenye shingo ya chupa asiweze kutoka, na jua humkuta humo. Sisi sote tulikuwa tumeiona chupa ile, na kijana huyu ndiye aliyeinama. Alipomaliza kusoma, ukumbi ulinyamaza, kisha mzee mmoja akamwomba aisome tena.

Umbo linalofundishwa ni haiku ya Kijapani, na sehemu hii ya somo ilielezwa kwa uangalifu kuliko nilivyotarajia. Mwezeshaji alieleza kwamba Matsuo Bashō, aliyeishi kati ya 1644 na 1694, aliitumia tungo hiyo fupi kama mwanzo wa mfululizo mrefu wa beti zilizotungwa na watu kadhaa kwa kupokezana, na kwamba jina haiku, kwa maana ya tungo inayojitegemea, lilienezwa baadaye na Masaoka Shiki, aliyefariki mwaka 1902. Alieleza pia kwamba vipimo 17 peke yake havitoshi. Kwa desturi tungo hiyo hubeba neno linaloonyesha majira ya mwaka, na ina mahali inapokatika, ili picha mbili zikae jirani bila kuunganishwa kwa maneno ya ufafanuzi. Nukta mkato katika tungo ya msichana wa kidato cha tano inafanya kazi hiyo.

Kiswahili kinaingia katika umbo hili kwa urahisi usiopatikana katika lugha nyingi za Ulaya, kwa sababu silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, kama zilivyo nyingi za Kijapani. Hata ile n ya Kijapani inayosimama peke yake huhesabiwa kuwa kipimo kamili, kama sisi tunavyoihesabu m ya mchu na n ya nchi. Mtu aliyezoea kuhesabu mizani ya shairi la kimapokeo hana jambo jipya la kujifunza hapa isipokuwa ufupi wenyewe. Mabishano yalizuka tu pale mama mmoja mkulima wa Tandahimba aliposoma hii:

Salfa hewani;
mtoto akohoa
shamba la pili.

Baadhi ya washiriki walishikilia kwamba salfa ni mizani mitatu, kwa kuwa l isiyo na irabu haiwezi kumezwa bure, na mwezeshaji akahesabu miwili. Naungana na mwezeshaji, kwa sababu sikio husikia mapigo mawili, ila kitini kingepaswa kuliweka wazi jambo hili, maana maneno ya namna hiyo ni mengi na mtunzi anayeanza atakwama.

Mabishano ya mizani yalikaribia kuifunika tungo yenyewe, jambo ambalo lingekuwa hasara, kwa sababu kwangu ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote. Miezi ya kiangazi, mikorosho inapochipua na kutoa maua, wakulima hupuliza unga wa salfa ili kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe unaonyausha maua na kuangusha mavuno. Bila salfa, familia nyingi za Tandahimba, Newala na Masasi zingekosa ada za shule. Unga huo huo hauna mpaka wa shamba, huchukuliwa na upepo, na ukizidi mwaka hadi mwaka huongeza tindikali udongoni. Mama huyu anaitumia salfa na anaihitaji, na mtoto anayekohoa ni wa jirani yake. Angeandika makala, angelazimika kuchagua upande. Katika mizani 17 hakuchagua, na kwa sababu hiyo tungo yake ni ya kweli kuliko matangazo yote niliyowahi kusikia kuhusu jambo hilo, ya wanaoisifu salfa na ya wanaoilaani.

Sasa nije kwenye kasoro, nikianza na kitini. Ukurasa wake wa neno la majira umegawa mwaka katika masika na vuli, mgawanyo unaofaa Tanga au Dar es Salaam, lakini haufai hapa. Mtwara na Lindi tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au mapema Mei, na baada yake ni kiangazi kirefu. Mtunzi wa Mtwara anayeandika kuhusu mvua za vuli ameazima mawingu ya watu wengine, na darasa linalohimiza macho kuliko kauli halikupaswa kumpa ruhusa hiyo. Orodha yetu ipo na ni tajiri. Tunao upepo wa kaskazi wa miezi ya mwisho na ya mwanzo wa mwaka, na kusi inayoshika baadaye na kuwaweka nchi kavu wavuvi wa vyombo vidogo. Tunayo maua ya mikorosho ya kiangazi na mabibo yanayochachuka chini ya miti kuanzia Oktoba. Tunao nyangumi wanaopanda kutoka bahari za baridi kuja kuzaa katika maji yetu ya joto, ambao kati ya Julai na Oktoba huonekana katika pwani ya kusini. Tunayo foleni ya ndoo juu ya uwanda wa Makonde, ambako udongo wa kichanga hunyonya mvua yote na kulazimisha maji yatafutwe mabondeni. Neno ndoo, likitajwa kwa Septemba pale Newala, lina majira ndani yake kama ua lolote la Japani. Ningewaomba waandaaji wakae na wakulima na wavuvi siku moja na kuuandika upya ukurasa huo.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Kwa siku zote mbili darasa lilifundisha kana kwamba Kiswahili hakina umbo fupi la kwake. Tathnia ya mishororo miwili haikutajwa, wala tathlitha ya mishororo mitatu, wala uwezekano wa kutunga ubeti mmoja wa tarbia, wa mishororo minne, ukajitosheleza. Ni kweli kwamba ushairi wetu wa kimapokeo hupenda beti nyingi, na kwamba ubeti wa tarbia wenye mizani 64 ni mrefu karibu mara nne ya haiku. Hata hivyo ubeti mmoja wa namna hiyo husomwa kwa muda mfupi sana, hukaa kichwani kwa sababu ya vina, na huweza kusemwa na mtu ambaye hakusoma shule. Ushahidi ulikuwamo ukumbini. Mvuvi mmoja mstaafu kutoka Msangamkuu, ambaye aliandika kwa shida na kwa hiyo alikaa kimya muda mwingi, aliomba nafasi siku ya pili akasema hivi bila karatasi, kuhusu samaki aitwaye changu:

Mwalipua kwa baruti, tumbawe likapasuka,
Changu hapati wakati, hata mwaka kuufika,
Leo wavu haupati, cha jioni kukipika,
Mwamwambia nini mwana, akiulizia changu?

Mwezeshaji alimshukuru kwa heshima, akasema ni shairi zuri ila si tungo fupi, kisha akaendelea na somo. Niliumia, na bado naona kwamba hapo ndipo darasa lilipopoteza nafasi yake kubwa kuliko zote. Tazama kilichomo ndani ya mishororo hiyo minne. Ukwapi na utao, yaani nusu mbili za kila mshororo, vimekamilika kwa mizani nane nane, vina vya kati vinashikana kwa ti na vya mwisho kwa ka, halafu kituo, yaani mshororo wa mwisho, kinaviacha vyote viwili na kugeuka kuwa swali, kiasi kwamba sikio lililozoea mlio mmoja linashtuka pale pale ambapo moyo unapaswa kushtuka. Maneno yote yaliyokatazwa ubaoni hayamo, ingawa mzee hakuinakili orodha ile. Halafu kuna ujuzi. Mlipuko wa baruti hutuma msukumo majini unaopasua kibofu cha hewa cha samaki. Wengi huzama wasipatikane, wakubwa kwa wadogo, na tumbawe husagika kuwa vifusi visivyotulia, ambavyo tumbawe changa haliwezi kushika na kuota. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imeukataza uvuvi huo, na kila mtu pwani analijua katazo hilo. Mzee huyu hakutaja sheria. Ametaja chungu cha jioni na mtoto anayeuliza, na mvuvi wa baruti akiusikia ubeti huo kwenye mnada wa samaki hataweza kusema kwamba haumhusu.

Kama darasa lingegawanywa, Jumamosi ikawa ya haiku na Jumapili ya ubeti mmoja wa tarbia au tathlitha, wazee kama huyu wangekuwa walimu badala ya wasikilizaji. Vijana nao wangejionea kwamba kuangalia kwa makini kunawezekana ndani ya vina, na kwamba vina havimlazimishi mtu kuhubiri.

Kuna pia jambo ambalo darasa lililikwepa. Mshiriki mmoja alitaka kuandika kuhusu gesi, na mwezeshaji akampendekezea ndege wa ufukoni, akisema kwamba mada ya gesi ni ngumu kwa tungo fupi. Mimi naona kinyume. Ghuba ya Mnazi iligunduliwa kuwa na gesi mwaka 1982, na mwaka 2000 eneo hilo la bahari, pamoja na maingilio ya Mto Ruvuma, likatangazwa kuwa hifadhi ya bahari. Mwaka 2015 bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam lilizinduliwa. Kasa anayetaga mchangani na bomba linalopita chini ya ardhi viko ndani ya wilaya moja, na wakazi wa Msimbati, kando ya ghuba hiyo, wanaishi na vyote viwili. Umbo linaloziweka picha mbili jirani bila kuzihukumu ndilo umbo hasa la mada hiyo. Ninaelewa kwamba watu hapa wana kumbukumbu chungu za ghasia za mwaka 2013 zilizohusu bomba hilo, na kwamba mwendesha darasa hutamani amani ukumbini kwake. Lakini mama wa Tandahimba alikuwa ameonyesha jana yake tu kwamba jambo gumu linaweza kusemwa kwa mizani 17 bila kumtukana mtu.

Mchana wa Jumapili ulitumika kwa uhakiki, na utaratibu wake unastahili kuigwa shuleni. Kila tungo husomwa mara mbili kwa sauti, na anayesoma si mtunzi. Wasikilizaji hawaruhusiwi kusema kama wameipenda; hutakiwa kusema wameona nini. Wakiona kitu ambacho mtunzi hakukikusudia, yeye ndiye anayerudi kwenye daftari. Utaratibu huu uliwalinda waoga, na ulimfanya hata mwanafunzi wa kidato cha tano azungumze mbele ya watu wa umri wa babu yake bila kukosa adabu na bila kutetemeka. Kwa kuwa washiriki walikuwa wengi, wachache hawakufikiwa, na kwa ada ile ile kila mtu alistahili zamu yake. Idadi ikipunguzwa, kasoro hiyo itakwisha.

Nani aende? Walimu wa Kiswahili kwanza, kwa sababu watarudi na zoezi la mikoko wanaloweza kulifanya kwa mti wowote ulio nyuma ya darasa lao, hata kama shule iko Nachingwea au Liwale, mbali na bahari. Wanafunzi wa sekondari pia, ikiwa shule itawachangia ada. Malenga aliyekomaa katika arudhi, yaani kanuni za utunzi wa mashairi, ataona kwamba sehemu ya mizani inamchelewesha, lakini asubuhi ya mikokoni itamfaa kama itakavyomfaa mwingine yeyote. Anayetafuta mafunzo ya kuandika mashairi ya sherehe atafadhaika, na ni vizuri aambiwe mapema.

Kabla ya kulipa, muulize mwandaaji kama Jumamosi hiyo inaangukia siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mchanga au mwezi mpevu, na maji yatakupwa saa ngapi. Siku za maji mafu bahari hairudi nyuma vya kutosha, na washiriki huishia kuitazama mikoko kutoka ukingoni. Vaa viatu vinavyofungwa vizuri mguuni, kwa kuwa tope huvivua vya wazi na chaza hukata nyayo. Chukua penseli badala ya kalamu ya wino, kwa sababu unyevu wa mikokoni hupenya hadi kwenye daftari.